Kuishi na Ileostomia: Mfuko Usitutishe, Tuogope Kiu

Wako kati yetu watu ambao hawaendi haja kubwa kwa njia ya kawaida. Daktari amewafungulia njia nyingine tumboni, na kinyesi chao hutoka hapo na kuingia katika mfuko uliobandikwa juu ya ngozi. Wengine tunaketi nao benchi moja wala hatujui. Wenyewe hawasemi kwa sababu wanaona haya, na sisi hatuulizi kwa sababu hatujui tuanzie wapi. Somo letu la mwezi huu ni kwa ajili ya watu hao, ndugu wanaowauguza, na majirani zao.

Tunalo jambo moja kubwa la kusema, nanyi mlishike tangu mwanzo. Katika nchi kavu kama yetu ya Dodoma, kinachomhatarisha mtu wa namna hii si mfuko wake. Ni kupungukiwa maji na chumvi mwilini.

ILEOSTOMIA NI NINI?

Chakula tunachokula hupita katika utumbo mwembamba, ambao kwa mtu mzima una urefu wa mita 6 hivi. Humo chakula huyeyushwa, na virutubisho vyake hufyonzwa na kuingia katika damu. Mabaki, yakiwa bado majimaji kama uji mwepesi, huingia katika utumbo mpana, wenye urefu wa kama mita moja na nusu. Kazi kubwa ya utumbo mpana ni kufyonza maji na chumvi iliyobaki, ili kinyesi kiwe kigumu kabla ya kutoka.

Utumbo ukiharibika, pengine humlazimu daktari kuvuta sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba na kuitoa nje kwa kupitia tundu dogo katika ngozi ya tumbo. Mara nyingi tundu hilo huwa upande wa kulia, chini ya kitovu. Upasuaji huo huitwa ileostomia. Ule mdomo wa utumbo unaoonekana nje huitwa stoma. Ukitolewa utumbo mpana badala ya mwembamba, upasuaji huitwa kolostomia. Tusichanganye mambo haya mawili. Mwenye kolostomia mara nyingi hutoa kinyesi kizito, kwa kuwa sehemu ya utumbo wake mpana bado inafanya kazi. Mwenye ileostomia hutoa majimaji, mchana na usiku.

Stoma yenye afya ni nyekundu na ina unyevunyevu, kama ndani ya mdomo. Ukiigusa haiumi. Ukiifuta inaweza kutoa damu kidogo, na hilo si la kuogofya. Kwa majuma ya kwanza huwa imevimba, kisha hupungua taratibu kwa muda wa majuma 6 hadi 8. Haina msuli wa kuifunga, ndiyo maana mtu hawezi kujizuia na ni lazima avae mfuko.

KWA NINI WATU HUFANYIWA UPASUAJI HUU?

Sababu ni nyingi: utumbo kujisokota, ajali za barabarani, majeraha ya kisu, kifua kikuu cha tumbo, saratani, vidonda vya muda mrefu vya utumbo mpana, na kwa watoto wengine kasoro za kuzaliwa nazo. Lakini katika nchi zetu za Afrika Mashariki, sababu moja yatupasa kuitaja peke yake, kwa kuwa tunaweza kuizuia. Hiyo ni homa ya matumbo, yaani taifodi.

Vijidudu vya taifodi huingia kwa njia ya maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi cha binadamu. Hujificha katika vinundu vilivyomo sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba. Mgonjwa asipotibiwa, vinundu hivyo huoza, na mara nyingi katika juma la pili au la tatu la homa utumbo hutoboka. Uchafu humwagika ndani ya tumbo. Hapo bila upasuaji wa haraka mtu hufa.

Katika wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, ulizuka mlipuko wa taifodi mwishoni mwa mwaka 2007, ukaendelea hadi 2011. Watu 249 walitobolewa utumbo na 47 walifariki katika kipindi kilichochunguzwa. Hapa kwetu Tanzania, madaktari wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, walichapisha mwaka 2012 taarifa ya wagonjwa 104 waliotobolewa utumbo na taifodi. Wengi walikuwa vijana, na karibu mmoja katika kila wanne alifariki. Basi, ndugu msomaji, ukimwona kijana aliyenusurika akiwa na mfuko tumboni, usimwonee huruma ya kumdharau. Mfuko huo ndio uliomponya.

Na sisi wengine tujifunze. Tuchemshe maji ya kunywa, tunawe mikono kwa sabuni, tutumie vyoo. Homa ikitupata tuende kupima mapema, wala tusinunue vidonge dukani kwa kubahatisha.

KIU YA DODOMA

Sasa tufike kwenye kiini cha somo letu. Mtu mwenye ileostomia hutoa kwa siku kiasi cha nusu lita hadi lita moja ya majimaji. Katika kila lita moja anayotoa, mwili wake hupoteza chumvi inayokaribia kijiko kimoja cha chai. Sisi wengine chumvi hiyo huokolewa na utumbo mpana. Yeye haimrudii.

Tuchukue mfano. Tuseme kijana wa Ihumwa, kule mashariki mwa jiji la Dodoma katika barabara iendayo Morogoro, ni fundi mwashi. Ametoka hospitali akiwa na ileostomia, akapumzika majuma kadhaa, kisha akaona ni heri arudi kazini, maana watoto wanataka kula. Ni mwezi wa Oktoba. Mvua ya mwisho ilinyesha Aprili, na ijayo haitarajiwi kabla ya mwisho wa Novemba au Desemba. Jua ni kali, upepo ni mkavu, jasho linakauka kabla hajaliona. Naye anawaza hivi: "Nikinywa maji, mfuko utajaa mbele ya wenzangu. Afadhali nisinywe mpaka jioni."

Hilo ndilo kosa linalowaangusha wengi. Mfuko haukomi kujaa kwa sababu mtu amejinyima maji. Utumbo huendelea kutoa majimaji yake wenyewe, na mwili hukauka kwa ndani. Jioni kijana huyo atakuwa na kizunguzungu, misuli ya miguu inakaza, mkojo ni kidogo na rangi yake imekolea kama chai. Akiendelea hivyo siku nyingi, figo zake zitaharibika.

Kosa la pili ni kinyume chake. Huyo huyo akifika nyumbani na kiu kali, atakunywa maji matupu lita mbili kwa mkupuo. Utashangaa kusikia kwamba hata hapo hajapona. Maji matupu mengi yakiingia katika utumbo mwembamba yasiyo na chumvi, huvuta chumvi ya mwili iende ndani ya utumbo, kisha yote hutoka pamoja kwenye mfuko. Soda na juisi tamu sana nazo huvuta maji. Mtu anakunywa na bado anakauka.

Dawa yake ni kuunganisha vitu vitatu: maji, chumvi kidogo na sukari kidogo. Sukari na chumvi zikiwa pamoja kwa kipimo kinachofaa, hubebana na kupita katika ukuta wa utumbo, na maji huzifuata. Ndiyo siri ya maji ya chumvichumvi tunayowapa watoto wanaoharisha. Pakiti zake hupatikana zahanati na katika maduka ya dawa. Zikikosekana, tengeneza nyumbani hivi:

- maji safi yaliyochemshwa na kupoa, lita 1;
- sukari, vijiko 6 vya chai, vya kusawazisha;
- chumvi, nusu kijiko cha chai, ya kusawazisha.

Koroga mpaka viyeyuke, na uonje: yasizidi chumvi ya machozi. Tumia siku hiyo hiyo, yakibaki mwaga. Kunywa kidogo kidogo mchana kutwa, wala usisubiri kiu. Wenye kutoa majimaji mengi sana pengine hupewa na daktari mchanganyiko wenye chumvi zaidi. Wafuate maelezo yake. Tena chakula chao kitiwe chumvi ya kutosha. Lakini mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au wa figo asijiongezee chumvi kabla hajamwuliza daktari.

Kipimo cha kila siku ni mkojo. Ukiwa mwingi na mweupe au wa njano hafifu, u salama. Ukiwa kidogo na umekolea, mwili unalia.

CHAKULA

Mwenye ileostomia anaweza kula karibu vyakula vyote vya nyumbani, lakini kwa utaratibu. Majuma 6 ya kwanza ale vyakula laini: uji, ugali laini, wali, viazi vilivyopondwa, ndizi mbivu, mayai, samaki, nyama iliyoiva sana au ya kusaga, mtindi. Ale kidogo mara nyingi, atafune sana, na ajaribu chakula kipya kimoja kimoja ili ajue kipi kinamsumbua. Wali, ugali, viazi na ndizi husaidia kuyafanya majimaji yawe mazito.

Baadhi ya vyakula tunavyovipenda hapa kwetu vinahitaji tahadhari, kwa kuwa nyuzi, maganda na mbegu zake huweza kuziba mlango wa stoma. Hivyo ni mahindi ya kuchoma na makande, karanga, zabibu pamoja na maganda na mbegu zake, miwa, nazi, nanasi, na nyuzi nyeupe za machungwa. Mbegu za ubuyu zisimezwe kamwe. Afadhali unga wake ukorogwe na kuchujwa vizuri. Karanga zisagwe ziwe laini na kutiwa katika mboga. Mboga za majani zikatwe ndogondogo, zipikwe ziive, na ziliwe kwa kiasi.

Pombe huzidisha kupoteza maji. Tena tunasisitiza: asitumie dawa za kuharisha, ziwe za dukani au za miti shamba, hata akiambiwa kwamba "zinasafisha tumbo". Kwa utumbo wake, dawa hizo zaweza kumwua. Anapopewa vidonge vyovyote amweleze mganga kuwa ana ileostomia, kwa sababu vidonge vingine vyenye ganda gumu hutoka vizima kabla havijafanya kazi. Na wakati wa Kwaresima tukumbuke kwamba sheria ya kufunga haimbani mgonjwa. Asijinyime maji na chakula kwa kuona haya mbele ya wenzake.

MFUKO NA NGOZI

Zamani shida kubwa ya ileostomia ilikuwa ngozi kuungua, kwa kuwa majimaji ya utumbo mwembamba yana nguvu ya kuyeyusha chakula, na yakigusa ngozi huila. Mwaka 1952 daktari mpasuaji Bryan Brooke wa Birmingham, Uingereza, alieleza namna ya kuukunjua mdomo wa utumbo kama ukosi wa shati, ili utokeze nje sentimita chache na majimaji yadondokee mbele badala ya kutambaa kwenye ngozi. Mpaka leo madaktari hufuata njia hiyo. Miaka miwili baadaye, mwaka 1954, muuguzi mmoja wa Denmark, Elise Sørensen, alibuni mfuko wa kubandika. Alikuwa na dada yake aliyetolewa utumbo nje, ambaye hakutaka tena kutoka nyumbani kwa kuona aibu. Upendo wa ndugu ndio uliozaa kifaa kinachotumika sasa dunia nzima.

Mfuko usiachwe ujae. Umwage unapofika theluthi moja au nusu, maana ukiwa mzito utabanduka. Kwenye choo cha shimo, kaa juu ya kigoda au piga magoti, fungua mdomo wa chini, mwaga, futa, funga, unawe mikono kwa sabuni. Mfuko wa kubandika hubadilishwa kila baada ya siku 3 hadi 5, au mara tu unapovuja. Wakati mzuri ni asubuhi kabla ya kula, utumbo ukiwa umetulia.

Osha ngozi kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa laini, kisha ikaushe kabisa. Usitumie spiriti wala dawa kali za kuua vijidudu. Usipake mafuta mahali pa kubandika, kwani mfuko hautashika. Tundu la mfuko likatwe lizidi stoma kwa milimita 2 au 3 tu. Likiwa kubwa, ngozi itaungua. Likiwa dogo, litaibana stoma.

Mifuko hii haipatikani kila mahali, na bei yake si ndogo. Uliza hospitali uliyopasuliwa kabla hujaruhusiwa kwenda nyumbani, na usiondoke bila kufundishwa kuibadilisha kwa mikono yako mwenyewe. Ndugu mmoja naye afundishwe. Miaka ya nyuma wengi walijifungia mifuko ya rambo. Mifuko hiyo ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini katazo hilo haligusi mifuko ya matibabu. Aliyekosa kabisa mfuko wa kubandika, akawa anatumia vitambaa safi au mfuko wa kufunga kwa mkanda, avibadilishe mara kwa mara, na apake krimu yenye zinki kuzunguka stoma ili kuikinga ngozi.

KAZI, SAFARI NA NDOA

Kwa majuma 6 hadi 8 baada ya upasuaji, mgonjwa asinyanyue vitu vizito, asije akapata ngiri pembeni ya stoma. Ndoo ya maji ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Mama aliyetoka kupasuliwa asiibebe, hata kama bomba liko karibu. Wajibu huu ni wa mume, watoto na majirani. Baadaye atarudia kazi nyingi za kawaida, lakini kwenye jua kali atembee na chupa yake ya maji ya chumvichumvi.

Akisafiri, abebe mifuko ya akiba, kitambaa na maji. Amwage mfuko kabla ya kupanda basi na kila basi linaposimama, wala asikae na kiu kutoka Dodoma mpaka Dar es Salaam. Kuoga kunaruhusiwa. Tendo la ndoa linaruhusiwa mwili ukishapona, na wanawake wengi wenye stoma wamezaa salama, ila wahudhurie kliniki mapema. Mwenzi wa ndoa aonyeshwe stoma na aelezwe. Yanayofichwa hukua kuliko yalivyo.

DALILI ZA HATARI

Nenda hospitali bila kuchelewa ukiona mojawapo ya haya:

1. Majimaji yanayotoka yanazidi lita moja na nusu kwa siku, au mkojo umepungua sana, au ukisimama unaona kizunguzungu.

2. Stoma haitoi kitu kwa saa 4 hadi 6, huku tumbo likisokota au kuvimba. Wakati huo acha chakula kigumu na usinywe dawa ya kuharisha. Ukitapika, usingoje hata kidogo.

3. Stoma imegeuka rangi ya zambarau au nyeusi, au inatoa damu isiyokoma.

4. Utumbo umetokeza nje sana kuliko kawaida, au umezama ndani.

5. Ngozi imechubuka na mfuko haushiki tena.

Kwa watu wa Ihumwa na vijiji vya jirani, zahanati na vituo vya afya vinaweza kuanza kutoa maji ya chumvichumvi au dripu. Matatizo makubwa hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Dodoma au Hospitali ya Benjamin Mkapa. Ufikapo sema mara moja: "Nina ileostomia." Usingoje mpaka uvuliwe nguo ndipo wajue.

JE, UTUMBO UNAWEZA KURUDISHWA?

Mara nyingi, ndiyo. Waliopasuliwa kwa sababu ya taifodi, kujisokota au ajali, wengi wao ileostomia yao ni ya muda. Utumbo wa ndani ukishapona na mgonjwa akirudisha uzito, daktari huunganisha tena, kwa kawaida baada ya miezi miwili au mitatu au zaidi. Lakini aliyedhoofika kwa kujinyima chakula na maji hawezi kupasuliwa upya kwa usalama. Kwa hiyo anayekunywa na kula vizuri leo, anajitengenezea siku ya kurudishwa. Tarehe ya kliniki usiiache ipite. Wale ambao utumbo wao mpana umeondolewa pamoja na njia ya haja watabaki na stoma maisha yao yote, nao huweza kulima, kufundisha, kujenga na kulea watoto mpaka uzee.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Kwa nini mwenye ileostomia hapaswi kujinyima maji ili mfuko usijae? Na kwa nini maji matupu peke yake hayamtoshi?

2. Tengenezeni pamoja lita moja ya maji ya chumvichumvi, kila mmoja aonje ili akijue kipimo.

3. Ni nani katika mtaa wetu aliyetoka hospitali karibuni, na anayehitaji mtu wa kumchotea maji?